Yule mnyama wa Februari 2 ametokea kanisani

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako lilitoa picha ya Mmarekani wa kofia ndefu nyeusi akimnyanyua mnyama mnene, aitwaye groundhog kwa Kiingereza, na chini yake mkaandika kuwa ni ushirikina wa Wazungu. Nilicheka, ila naomba niwasahihishe.

Mnyama huyo ni wa ukoo wa kindi, lakini anaishi shimoni na kipindi chote cha baridi hukimaliza usingizini. Kila Februari 2, alfajiri, huko Punxsutawney, Pennsylvania, hutolewa kisikini. Inaaminika kuwa akiona kivuli chake, baridi inaendelea wiki sita. Asipokiona, majira ya machipuko yako njiani.

Sasa itazameni hiyo tarehe. Wakatoliki wenzangu wanaijua: ni Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, siku ya kubariki mishumaa. (Wangu uko kabatini, unasubiri umeme ukatike.) Wakulima wa Ulaya waliamini kwamba jua likiwaka siku hiyo, baridi bado ipo sana. Wa Dar es Salaam atashangaa jua kuleta baridi. Sisi wa Njombe hatushangai: Julai, usiku ukiwa wa nyota tupu bila wingu, asubuhi unakuta sakitu imelala juu ya majani ya viazi.

Wajerumani ndio waliomwingiza mnyama, na kwao alikuwa wa jamaa ya nyegere. Walipohamia Pennsylvania, kazi wakampa huyu wa shimoni, aliyejaa tele mashambani. Shajara ya mfanyabiashara mmoja wa huko, ya mwaka 1841, inaitaja imani hiyo na kusema ni ya Wajerumani.

Lakini aliyeigeuza kuwa sherehe, uniwie radhi, ni mhariri: Clymer Freas wa gazeti la Punxsutawney Spirit. Mwaka 1886 gazeti hilo liliandika kwamba hadi linakwenda mitamboni, mnyama alikuwa hajaona kivuli. Mwaka uliofuata Freas na wenzake, wawindaji waliompenda mnyama huyo hata kwenye sahani, wakapanda kilima cha Gobbler's Knob kwenda kumsikiliza.

Hukosea mara nyingi kuliko anavyopatia, na watu bado wanakesha kwenye theluji kumngoja.

Mwakani mkiirudisha picha ile, chini yake mwandikeni mhariri mwenzenu.

Msomaji wako,
Njombe