Jua limekuja upande wangu wa barabara

Kirumba, Mwanza
10 Desemba

Mpendwa Mama Kulwa,

Mwangaluka! Najua huko Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norway, asubuhi yenyewe siku hizi ni ya kukisia, lakini pokea salamu yetu hii ya asubuhi ya Kisukuma hivyo hivyo. Sisi wazima. Mama yako magoti yanamsumbua kidogo, mdomo haujambo.

Ujumbe wako nilimsomea wote. Nilipofika pale uliposema jua lilizama mwisho wa Novemba na halitaonekana mpaka katikati ya Januari, akanikatiza: "Sasa limekwenda wapi?" Nikamwambia limekuja dukani kwangu. Akadhani namtania.

Wala sikumtania. Duka langu unalijua, linatazama kusini, na la Baba Pendo ng'ambo ya barabara linatazama kaskazini. Kuanzia mwisho wa Septemba hadi katikati ya Machi jua linapita kusini mwetu, na mwezi huu wa Desemba linachomoza, linapanda na kuzama likiwa upande huo huo. Mlango wangu unapigwa kutwa. Mafuta ya mgando yanayeyuka kwenye makopo, soda nimezirudisha ndani, turubai nalishusha tangu asubuhi, na wateja wangu wa kupiga soga wamehamia kibarazani kwa Baba Pendo. Ngoja Juni ifike. Jua litakuwa kaskazini, yeye ndiye ataungua na mimi nitauza kivulini. Zipo siku mbili tu, karibu na tarehe 14 Machi na 29 Septemba, ambapo jua la mchana linasimama utosini kabisa, nguzo ya umeme inakosa kivuli, na hapo hakuna wa kumwonea mwenzake wivu.

Jua lililonihamia mimi ndilo hilo mlilonyimwa ninyi. Dunia inalizunguka jua ikiwa imeinama nyuzi 23.4, na mwinamo wake haubadiliki mwaka mzima. Juni upande wa kaskazini ndio unaoelekea jua, Desemba ni zamu ya kusini. Kwa hiyo jua la mchana linahama karibu nyuzi 47 kati ya miezi hiyo miwili, kwenu na kwetu sawasawa. Ila sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, kama kilomita 280, basi kuhama kwake ni kutoka upande mmoja wa utosi kwenda wa pili. Ninyi mko karibu nyuzi 70 kaskazini. Jua lenu ni la pembeni tangu hapo, na likishuka nyuzi zote hizo linapita chini ya upeo wa macho. Tarehe 21 Desemba, mchana wenyewe, litakuwa nyuzi 3 hivi chini ya upeo. Ndiyo maana unaona ule mwanga wa bluu kwa saa chache halafu giza linarudi. Juni itakuwa kinyume chake: usiku wa manane jua liko nyuzi 3 juu, na mapazia mazito utayanunua mwenyewe bila kuambiwa.

Mwenzako wa kazini anayesema baridi inakuja kwa kuwa dunia imekwenda mbali na jua, mwulize mbona mapema Januari ndipo tunapokuwa karibu nalo zaidi, kama kilomita milioni 147, na Julai ni milioni 152. Mnaganda kwa sababu saa za mwanga ni chache, na hata mwanga ukija unakuja mshazari, joto lake linatawanyika kwenye eneo kubwa. Na hiyo Juni yao wasikutishie. Jua la Tromsø likipanda mpaka mwisho wa nguvu zake halizidi nyuzi 44. Letu, siku linayokuwa chini kuliko zote wakati wa mchana, lina nyuzi 64!

Mdogo wako aliyeko Cape Town anakula kiangazi sasa hivi, mchana wake unapita saa 14. Juni haufiki hata 10.

Kwetu hapa tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki dakika 20 kwa mwaka. Baba yako hakubali. Anashikilia kwamba Februari kunachelewa kucha, na kwa hilo ana haki: mapema Novemba jua linachomoza kama saa 12:26 asubuhi, katikati ya Februari linangoja mpaka 12:57. Lakini kuzama nako kunachelewa vivyo hivyo, mchana umesogezwa tu. Dunia haiendi mwendo mmoja katika njia yake, na ule mwinamo nao unachangia, basi jua huiwahi saa ya ukutani au huchelewa. Nilimweleza yote hayo akanisikiliza vizuri sana, kisha akasema saa za siku hizi ni mbovu.

Halafu wakikwambia huko kwamba Afrika hatuna majira, usiwanyamazie. Mvua zetu zinafuata jua linapovuka ikweta kwenda na kurudi, vuli Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei. Vuli ya sasa inatutesa mwaloni, pale sokoni kwa samaki, dagaa wanaanikwa na kuanuliwa bila kukauka. Na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanalala nyumbani, kwa sababu taa zao hazivuti dagaa.

Kuhusu simu: siku hizi tuko mbele yenu kwa saa mbili. Ukipiga saa tatu usiku, kwetu ni saa tano na wazee wamelala. Jumapili ya mwisho ya Machi mtasogeza saa zenu mbele, tofauti ibaki saa moja. Mpaka wakati huo mpigie mama Jumapili mchana akishatoka kanisani. Anapitia dukani kwangu, nitamshikia simu.

Wako,
Jirani yako wa Kirumba