KUH: Koili nne za magari ya gofu ya petroli: majibu kwa sababu mlizotoa, na madai ya kurudishiwa fedha

Karakana ya Magari ya Gofu,
Entebbe.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Tawi la Kampala.

Ndugu Meneja,

Mmekataa kuturudishia fedha za koili nne mlizotuuzia (koili ndicho kifaa kinachotoa umeme wa cheche ya plagi) kwa sababu tatu: betri dhaifu, plagi mbovu, na ufungaji mbaya. Hakuna hata moja inayosimama.

Dalili kwanza. Magari yenyewe ni ya zamani, silinda moja, mapigo manne, koili ya sumaku imekaa kando ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini. Asubuhi, injini ikiwa baridi, gari linawaka kwa mkanyago mmoja wa pedali. Baada ya dakika 20 hivi linazima ghafla, kama vile mtu amezungusha ufunguo. Stata inaendelea kuzungusha, plagi inatoka imelowa petroli, cheche hakuna. Likipoa nusu saa linawaka tena kana kwamba halikuwa na neno. Gari lililokosa mafuta halifi hivyo. Hukohoa na kuyumba kwanza.

Sasa betri. Koili ya aina hii haili umeme wa betri hata chembe: cheche inazalishwa na sumaku ya flaiwili ikipita mbele ya koili. Betri inazungusha stata, basi. Tunakubali kwamba betri iliyochoka huzungusha flaiwili polepole mno hata cheche isitoke, ndiyo maana tulipima: volti 12.6 gari limetulia, volti 10.4 stata ikizungusha, na mkanda wa stata hautelezi. Meneja, betri ileile iliyoliwasha gari asubuhi haiwezi kuwa ndiyo iliyolizima saa nne.

Plagi zilikuwa mpya, pengo milimita 0.7. Tulijaribu tatu kwenye injini moja ya moto, chuma cha plagi kikigusa kichwa cha silinda, tukaona giza tupu. Plagi hizohizo kwenye gari la jirani zilitoa cheche ya buluu.

Kuhusu ufungaji: hewa hii ya ziwani inaleta kutu, kwa hiyo kabla ya kufunga tulipiga msasa sumaku za flaiwili, miguu ya koili na mahali bolti zinapokaa, ili athi, yaani njia ya umeme kupitia chuma cha gari, iwe safi. Pengo kati ya koili na flaiwili tuliliweka milimita 0.3 kwa fila geji (vipande vyembamba vya kupimia pengo), miguu yote miwili. Kabari inayoishikilia flaiwili isihame kwenye shafti tuliitazama, haijakatika.

Mahali ambapo mafundi wengi hupotea ni ule waya mwembamba wa kuzimia, nasi tungewaelewa kama mngeutaja. Ukiinua mguu kwenye pedali, swichi huupeleka waya huo kwenye athi na cheche inakufa. Basi ukichunika ukagusa fremu, au panya wakautafuna, au swichi ya pedali ikajaa vumbi la maramu, dalili yake hufanana sana na koili iliyokufa. Njia ya kutofautisha ni moja: gari likizima likiwa moto, chomoa waya huo kwenye koili, zungusha stata. Cheche ikirudi, koili ni nzima na kasoro iko kwenye ufunguo, swichi au waya. Kwetu haikurudi. Tukapima ukinzani wa umeme kutoka kwenye waya wa plagi hadi chuma cha koili: kiloohm 13 ikiwa baridi, na ikiwa moto mita haikuonyesha chochote. Uzi wa ndani unaachana ukipanuka kwa joto. Koili tatu zilifanya vivyo hivyo kwenye magari matatu tofauti. Ya nne haijatoka kwenye boksi. Koili ya zamani tuliyoitoa kwenye gari lisilo na kasoro iliendesha mojawapo ya injini hizo saa mbili bila kuzima.

Yapo mawili mazito zaidi ya fedha. Kwa simu, mhudumu wenu alitushauri tuuache waya wa kuzimia umechomolewa moja kwa moja. Ushauri huo ni wa hatari: kwenye gari la aina hii injini haitazima dereva akiinua mguu, wala akizungusha ufunguo. La pili ni karatasi iliyomo ndani ya boksi. Inaelekeza waya huo uungwe kwenye chanya ya swichi ya ufunguo. Huo ni mchoro wa koili inayolishwa na betri. Atakayeufuata hapa atapeleka volti 12 kwenye kifaa cha kielektroniki kilicho ndani ya koili na kukiunguza mara moja, halafu nanyi mtamwambia amefunga vibaya.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 inataka bidhaa iendane na maelezo yake na ifae kazi iliyonunuliwa kufanya. Tunadai bei kamili ya koili zote nne ndani ya siku 14, na karatasi hiyo iondolewe kwenye maboksi yaliyobaki ghalani.

Koili tatu tumezifunga lebo zenye vipimo vya baridi na vya moto. Mkiwa na shaka, tumeni fundi na mita yake. Aje asubuhi, gari likiwa bado baridi, asubiri hizo dakika 20.

Wenu,
Mafundi wa Karakana