Kwa mwanangu, kabla ya kura yako ya kwanza

Mwanangu mpenzi,

Ulipotimiza miaka 18 uliniambia kwamba hapa Minneapolis kura ni kupoteza muda, mshindi anajulikana mapema. Neno hilo nimelala nalo.

Ni kweli, eneo bunge letu, la tano la Minnesota, halijampeleka Mrepublican Washington tangu Walter Judd, daktari aliyekuwa mmishonari China, aangushwe mwaka 1962 baada ya miaka 20. Lakini ndani ya chama hichohicho kinachoshinda, cha Democratic, watu wamebadilika mno. Ukipita Cedar Avenue leo unanusa sambusa na chai ya hiliki. Zamani walijaa hapo Waswidi na Wanorwei, na kwa walivyobana ugoro, barabara ikapewa jina la utani la ugoro. Martin Sabo, mtoto wa wahamiaji wa Norwei, alikikalia kiti hiki kuanzia 1979 hadi 2007. Akafuata Keith Ellison, Mwislamu wa kwanza katika Kongresi, aliyeapa kwa Kurani iliyokuwa ya Thomas Jefferson.

Kisha Ilhan Omar, 2018. Mimi mtoto wa Kisauni, Mombasa, kambi ya Utange tulikuwa tukiipita tu, tukiwaona wakimbizi wa Kisomali nyuma ya ua. Yeye alikuwa mmoja wa watoto wale. Ili aingie na hijabu yake, Bunge lililegeza marufuku ya kofia ya tangu 1837. Niliposikia hayo nililia, mwanangu.

Wala usidhani Wasomali ndio wengi. Zaidi ya nusu ya wakazi wa eneo hili ni Wazungu, na bila kura zao hapiti mtu.

Vita vyenyewe ni kura za mchujo za chama, Agosti. Mwaka 2022 Omar alimshinda Don Samuels, mzaliwa wa Jamaica, kwa kura kama 2,500 tu. Umpende au usimpende, ni haki yako, ila usingoje uchaguzi mkuu wa Novemba.

Hata kuhesabiwa kuna uzito. Baada ya sensa ya 2020, kiti cha mwisho kati ya 435 vya Bunge kiliangukia Minnesota. New York ilikikosa kwa watu 89. Fomu ile niliijaza mezani jikoni, na jina lako nililiandika mimi.

Hapa mtu hujiandikisha siku hiyohiyo ya kura. Ukikosa karatasi yenye anwani, mpiga kura wa mtaani anaruhusiwa kukuapia kwamba unaishi hapo. Nimeshaomba ruhusa kazini, nitakuapia mimi.

Babako