Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwani Wetu na Neno "Dawa"

Ndugu wanachama, assalamu alaikum.

Hesabu atazisoma mweka hazina, na habari za kamba na vigingi mnazijua kuliko mimi. Mwani wa kotoni ulioza tena kwa joto la kaskazi; aina ya pili, spinosamu, ndiyo iliyotushika mkono. Muda wangu nautaka kwa jambo moja: karatasi ya maelezo inayofungia sabuni yetu ya mwani.

Mnamkumbuka mnunuzi aliyetuahidi oda kubwa tukikubali kuandika kwamba sabuni yetu ni dawa ya uvimbe wa magoti. Kamati ilikataa, na wapo waliosema tumeipiga teke riziki.

Kweli mwani una vitu vya kutuliza uvimbe. Kinachotajwa sana ni fukoidani, aina ya sukari yenye salfa. Mwili ukivimba, chembe nyeupe za damu hunata kwanza kwenye kuta za mishipa ndipo zipenye kwenda penye jeraha. Fukoidani huziba pale pa kunatia, zikapita zikiteleza. Lakini hayo yameonekana zaidi maabara na kwa wanyama. Tena fukoidani hutoka kwenye mwani wa kahawia, ule wa mwambani tunaoukanyaga tukienda shambani. Tunaolima sisi, tangu ulipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, ni mwekundu, nao hutoa karajinani, kitu cha kuzitisha vyakula.

Na karajinani, mama zangu, ina kisa chake. Tangu 1962 watafiti huidunga kwenye wayo wa panya ili uvimbe makusudi, kisha humjaribia dawa waone kama uvimbe utashuka. Yaani kinachotoka kwenye mwani wetu ndicho wanachotumia kuleta uvimbe! Msishtuke: kudungwa sindano si kunawa, na kitu hichohicho kimo kwenye aiskrimu na dawa ya meno. Ila aje mtu anayeyajua haya na karatasi yetu mkononi, nani kati yetu atakayemjibu?

Karatasi mpya itataja mwani, mafuta ya nazi na karafuu, basi. Kuhusu mwani wa kahawia, kamati inaomba idhini yenu tukawaulize wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Unguja kabla hatujauvuna hata konzi moja.

Wenye sabuni zenye karatasi ya zamani wazirudishe ghalani kabla ya bamvua lijalo.