Shoga, presha wasikupime mkono mmoja

Mpenzi Zuhura,

Barua yako nimeipata, na pole sana. Umeniuliza mengi, ila moja ndilo lililonikera: eti wamekupima mkono wa kushoto, presha ikasoma 90 kwa 60, wakasema uko salama. Mkono uleule ambao mapigo yake hayashikiki! Mimi kazi yangu ni kufunga huo mkanda wa kupimia presha kutwa nzima, ndiyo maana nimeona nikuandikie leo leo.

Ugonjwa wako huu wa Takayasu hushika mishipa mikubwa ya damu: aota, ule mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, na matawi yake ya kichwani, mikononi na kwenye figo. Kinga ya mwili inazishambulia kuta za mishipa, zinavimba na kunenepa, njia ya damu inabana. Mshipa wa mkono ukishabana, kipimo cha mkono huo kinakudanganya: kinasoma chini wakati presha ndani ya aota iko juu. Wapime mikono yote miwili, na miguu pia. Inayosoma juu kuliko zote ndiyo ya kuaminiwa. Mwambie hivyo kila atakayekushika, hata kama atanuna.

Presha iliyojificha ndiyo inayoumiza, shoga. Mshipa wa figo ukibana, figo inadhani damu imepungua mwilini, inapandisha presha. Moyo unasukuma kwa nguvu mwaka baada ya mwaka, mwishowe unachoka. Aota nayo ikitanuka pale inapoanzia, vali, yaani kilango cha damu cha moyo, haifungi sawasawa, damu inarudi moyoni. Tena mishipa inayolisha moyo wenyewe inaweza kubana pale inapoanzia, kwa hiyo kifua kikikubana usikubali kuambiwa ni mawazo kwa sababu tu wewe ni kijana. Ugonjwa huu unapenda hasa wanawake wa chini ya miaka 40.

Ubongo je? Hicho kizunguzungu ulichokitaja, na giza la macho linalokuja na kuondoka, visikae kwenye barua yako tu. Daktari wako avijue kesho. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama hali itarudi sawa baada ya dakika chache. Kiharusi hakingoji uzee.

(Unajua Mikito Takayasu mwenyewe alikuwa daktari wa macho? Mwaka 1908 alieleza mishipa ya ajabu aliyoiona ndani ya jicho la msichana wa miaka 21. Basi na kliniki ya macho usiikwepe.)

Prednisoloni, hiyo dawa yako ya kutuliza uvimbe wa mishipa, najua inakuvimbisha uso na unaichukia. Lakini usiikate ghafla hata siku moja. Hupunguzwa kidogo kidogo, na daktari ndiye anayepanga. Habari ya kupanua mshipa kwa puto kwa kawaida husubiri uvimbe utulie kwanza, maana mshipa unaowaka hubana tena.

Na suala la mtoto: wengi wenye ugonjwa huu wamezaa salama, ila mimba ipangwe mapema, presha ikiwa imetulia. Kama unatumia methotreksati, dawa nyingine ya kutuliza kinga ya mwili, sema kabla hujashika mimba, kwani inadhuru mtoto tumboni.

Nijibu mambo mawili: ekoo ya moyo (ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti) ilionyesha nini kwenye vali, na mguuni presha ilisoma ngapi.

Shoga yako,
Mwanaisha