Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Safari Moja Ndefu na Gari Tunalolinunua

Ndugu wanachama,

Ya kawaida nayapitia upesi. Ada zimekusanywa, hesabu zimekaguliwa, na mhazini atazisoma mara nitakapomaliza. Kamati tendaji ilikutana kila robo mwaka kama katiba yetu inavyotaka. Muda uliobaki naomba niutumie kwa jambo lililotushughulisha kuliko yote: safari za mbali, mafuta yanayoteketea humo, na hatima ya viwanda vinavyotutengenezea magari.

Mwaka huu wanachama waliojitolea waliandika kwenye daftari kila safari waliyokwenda, umbali wake na idadi ya watu garini. Nimeyasoma madaftari yote, na mengi yanasimulia jambo moja. Mwaka mzima gari linazunguka karibu na nyumbani na mtu mmoja au wawili ndani. Kisha linakuja juma la likizo, au msiba, na familia nzima na mizigo yake inaingia barabara kuu kwa mamia ya kilomita. Nilipowauliza wenzetu kwa nini walichagua magari makubwa kiasi kile, walitaja juma hilo. Tunanunua injini, tangi na betri kwa ajili ya siku chache, halafu tunabeba uzito huo siku zote zilizosalia.

Mtengenezaji naye anaunda kile kinachonunuliwa, na hapo ndipo anapoingia hatarini pamoja nasi. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilipositisha kuiuzia Marekani mafuta, viwanda vya huko vilikuwa vimezoea kuunda magari mazito yenye kiu kubwa. Wateja wengi wakayageukia magari madogo ya Japani, na mwanzoni mwa 1980 serikali ya Marekani ikalazimika kuidhamini kampuni ya magari ya Chrysler kwa mikopo ya hadi dola bilioni 1.5. Mwaka 2008 mafuta yakapanda tena, msukosuko wa mabenki ukafuata, na 2009 Chrysler na General Motors zote mbili zikaenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Waliopoteza kazi hawakuwa na kosa. Ndiyo maana sikubaliani hata kidogo na wanaosema kwamba kubana mafuta ni kuviumiza viwanda. Kinachoviumiza ni kutegemea gari lisilouzika siku mafuta yanapopanda.

Sasa tuje barabarani. Ukinzani wa hewa hauongezeki sambamba na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani unakuwa mara nne. Kati ya kilomita 100 na 120 kwa saa, hewa inalisukuma gari nyuma kwa nguvu iliyozidi kwa asilimia 44. Na faida yake ni nini? Kwenye safari ya kilomita 300 unaokoa nusu saa, tena kama njia nzima ni nyeupe. Weka keria juu ya paa, punguza upepo wa matairi, na hasara inazidi. Gari la umeme nalo halisamehewi: Aprili 2022 Mercedes ililipeleka gari lake la majaribio, EQXX, kutoka Sindelfingen, Ujerumani, hadi Cassis, Ufaransa, zaidi ya kilomita 1,000 bila kuchaji njiani. Umbo lake la kukata hewa lilisaidia sana, lakini pia wastani wa mwendo ulikuwa kama kilomita 87 kwa saa.

Serikali zimeshajaribu kutupunguza mwendo. Marekani iliweka kikomo cha maili 55 kwa saa mwaka 1974, na madereva wengi wakakipuuza hadi sheria ya kitaifa ilipofutwa 1995. Hispania ilishusha kutoka kilomita 120 hadi 110 kwa saa Machi 2011, ikarudisha miezi minne baadaye. Uholanzi ilishusha hadi 100 nyakati za mchana mwaka 2020, kwa sababu ya hewa chafu ya nitrojeni. Ninachojifunza ni kwamba bango peke yake halimtoshi dereva. Lazima naye aone anachopata.

Kwa hiyo kamati ilitazama pia njia ya kuliondoa gari barabarani kwenye sehemu ndefu. Treni ya Amtrak, shirika la reli ya abiria la Marekani, inayobeba abiria pamoja na magari yao husafiri usiku kati ya Lorton, Virginia, na Sanford, Florida, umbali wa kilomita 1,370 hivi. Abiria analala, anaamka, anakabidhiwa gari lake. Kampuni binafsi iliyoianzisha huduma hiyo 1971 ilifilisika kabla ya kutimiza miaka kumi. Amtrak ikaifufua 1983 na ipo hadi leo. Mimi naiona kuwa wazo bora kuliko yote tuliyoyachunguza, kwa sababu inamfanya mtu aweze kumiliki gari dogo bila kuogopa ile safari moja ya mwaka. Kiwanda kinapata soko la gari jepesi, mwenye gari anapata nafuu mwaka mzima.

Malori kufuatana kwa karibu yakiongozwa na kompyuta ili kupunguza ukinzani wa hewa, kama yale ya watengenezaji sita yaliyoingia Rotterdam Aprili 2016, hayakunishawishi. Daimler yenyewe, mmoja wa watengenezaji hao, ilitangaza 2019 kwamba akiba ya mafuta katika hali halisi ilikuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa.

Kamati inaomba kura yenu kwa mambo mawili. La kwanza, tuwaandikie watengenezaji kwa jina la chama, tukiwaambia wazi kwamba tutanunua gari jepesi likiwepo, na kwamba kwa safari ya mbali tuko tayari kukodi kubwa au kulipandisha dogo kwenye treni. La pili, mwaka ujao wenye madaftari waende kila safari ndefu bila kuvuka kilomita 100 kwa saa, waandike lita zilizotumika na saa walizofika, tulinganishe na mwaka huu. Madaftari mapya yako kwa katibu, na yeyote anayetaka kujiunga aandikishe jina kabla hatujaachana leo.

Mwenyekiti