Hiyo cheni usiimwagie oili tena

Ng'ambo, Tabora

Mwanangu,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, miembe imechanua na vumbi limeshaibadilisha rangi.

Juzi kwenye simu ulisema cheni ya baiskeli yako inalia kuliko kabla hujaipaka oili. Mama, kosa ni langu. Ile chupa niliyokufungia ni oili chafu ya injini, niliiomba kwa fundi pikipiki kwa kuwa ni ya bure. Ni nzito, ina chembe za chuma, na vumbi la huko Sikonge likiinasa hugeuka msasa. Mimi mwenyewe nimekula cheni ngapi kwa mafuta hayo, nikiwalaumu waliouza cheni!

Ivue. Kile kiklipu cha kuungia kitoe kwa plaizi, kisipotee mchangani. Iloweke kwenye mafuta ya taa, isugue kwa mswaki mkuukuu, kisha ianike mpaka ikauke kabisa, maana mafuta ya taa yakibaki ndani yatayeyusha mafuta mapya. Petroli usithubutu, na jiko likae mbali.

Sasa ichunguze. Chukua rula yako ya darasani, ule upande wa inchi. Vuta cheni inyooke, anza katikati ya pini moja (kile kimsumari kinachounga pingili), hesabu pingili 24, pini hadi pini ni pingili moja: pini ya mwisho ikae inchi 12 kamili. Ikipita kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imechakaa. Ikipita moja ya nane, tazama na meno yanayoshika cheni. Yakiwa yamepinda kama ndoana, cheni mpya peke yake itaruka tu ukikanyaga kwa nguvu. Pingili isiyokunjika ishike kwa mikono miwili, iyumbishe kushoto na kulia, italegea.

Ukirudisha, mdomo wa kiklipu ulio wazi utazame nyuma cheni ikiwa upande wa juu. Vuta gurudumu la nyuma, ila usiikaze ikawa kama waya wa kuanikia nguo. Zungusha pedali utafute pale inapokaza zaidi. Hapohapo, kidole kikibonyeza katikati ya cheni, ishuke kama sentimita moja. Ikilegea mno ndipo inapokudondokea njiani.

Kuhusu mafuta: tone moja kwa kila rola, kile kibomba kidogo kinachozunguka kwenye pini, basi. Zungusha pedali kinyumenyume, iache ilale. Asubuhi futa nje mpaka kidole kisichafuke sana. Kinachohitaji mafuta ni pini iliyojificha ndani ya rola. Huko nje yanaalika vumbi tu. Na asikudanganye mtu kuhusu nta ya nyuki ati sisi tuko Tabora kwenye asali. Inanata, vumbi litaipenda.

Nimempa kondakta wa basi la Sikonge chupa ya mafuta ya cherehani. Imeviringishwa kwenye kipande cha kanga, nacho kitumie kufutia. Kanga ni ya mama yako, bado anaitafuta, kwa hiyo akipiga simu zungumzieni mengine.

Baba yako